Gari limechemsha kwenye foleni: fanya hivi kabla fundi hajang'oa themostati

Kuanzia Desemba hadi Machi Dar ni joto, foleni ya Mbagala haisogei, na kila siku nakuta gari pembeni boneti ikiwa juu, mvuke unafuka kama chungu cha pilau. Wengi wanaoletwa gereji kwangu wakivutwa kwa kamba hawakuharibikiwa na joto lenyewe. Waliharibu gari katika zile dakika kumi baada ya mshale wa joto kupanda.

Hatua ya 1: Mshale unapanda, hujafika kwenye nyekundu. Zima AC, washa heta, feni ya ndani iweke mwisho. Najua, ni jasho juu ya jasho. Lakini heta ni rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi, inatumia maji yaleyale ya injini, kwa hiyo unanyonya joto kutoka kwenye injini na kulileta miguuni kwako. Ukiona inapuliza ubaridi tu, ama maji yamepungua, ama kuna fundi alishafunga mipira ya heta kwa sababu "Dar nani anahitaji heta".

Mshale ukigusa nyekundu au mvuke ukitoka, egesha pembeni, zima injini hapohapo. Hakuna cha "nifike tu pale sheli". Hiyo "pale sheli" ndiyo inayounguza gasketi, ile karatasi ya kuziba kati ya injini na hedi.

Hatua ya 2: Fungua boneti, lakini mfuniko wa rejeta usiuguse. Uangalie ukiwa baridi, utaona umeandikwa namba kama 0.9 au 1.1. Hiyo ni presha unayoishikilia. Chini ya presha hiyo maji hayachemki kwenye nyuzi 100, yanakwenda karibu na 120. Ukifungua, presha inaondoka ghafla na maji yanageuka mvuke usoni kwako. Nimeona kifua cha kijana mmoja kikibabuka hivyo, sihitaji kukiona tena.

Subiri nusu saa au zaidi, mpaka mpira wa juu wa rejeta uweze kuubana kwa mkono bila kuungua. Kisha weka kitambaa kizito, zungusha mfuniko kidogo, acha upumue, ndipo uutoe. Mikono na kanga zikae mbali na feni, maana feni ya umeme inaweza kuwaka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa.

Hatua ya 3: Ongeza maji. Taratibu, injini ikiwa imepoa. Hedi, yaani sehemu ya juu ya injini, ni ya aluminiamu, ukiimwagia maji baridi ikiwa ya moto inaweza kupinda au kupasuka. Maji ya chupa ya dukani yatakufikisha. Maji ya kisima ya Dar, mengi yana chumvi, yaache kwa dharura ya mwisho kabisa.

Hatua ya 4: Tafuta sababu. Hapa ndipo watu wanaporuka. Jiulize lilichemsha wakati gani. Kama ni kwenye foleni tu, na ukipata barabara nyeupe mshale unashuka, mtuhumiwa wa kwanza ni feni. Washa AC injini ikiunguruma: kwenye magari madogo mengi feni ya rejeta lazima izunguke. Isipozunguka angalia fyuzi, halafu rilei (swichi ya umeme wa feni), halafu mota yenyewe. Kama linachemsha ukipanda mlima Kitonga au ukikaza mwendo, feni haina kosa. Hapo rejeta imeziba, wota pampu imechoka, au themostati, kidude kinachofungulia maji yaende kwenye rejeta, imekwama ikiwa imefunga.

Na kama maji yanapungua bila tone chini, moshi mweupe unatoka hata injini ikishapata moto, na oili kwenye kijiti imekuwa rangi ya chai ya maziwa, usiwashe tena. Hiyo ni gasketi ya silinda hedi.

Hatua ya 5: Themostati. Nikiwa bado najifunza kazi nimezing'oa nyingi mno, kwa hiyo nasema kama mkosaji. Gari likichemsha, fundi anaitoa, anakuonyesha, "hiki ndicho kilikuwa kinazuia maji", unalipa, unaondoka umefurahi. Kazi ya kile kidude ni kukaa kimefunga mpaka maji yafike joto fulani, kwa Toyota nyingi nyuzi 82 hivi, kisha kufungua. Bila hicho injini inachelewa kupata moto, kompyuta inadhani bado ni asubuhi na inaongeza mafuta. Tena kwenye injini nyingi kikifunguka huziba ile njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Ukikitoa, sehemu ya maji inazunguka bila kupita kwenye rejeta, na siku ya joto kali gari linachemsha kuliko mwanzo.

Kukipima ni rahisi. Kitumbukize kwenye sufuria ya maji, chemsha. Kikifunguka, ni kizima; kisipofunguka nunua kingine. Sufuria hiyo usiirudishe jikoni.

Hatua ya 6: Kulanti, ile dawa ya rangi ya kutia kwenye rejeta. "Huku hakuna barafu" si hoja. Kulanti inazuia kutu na inapandisha kiwango cha kuchemka. Isiyochanganywa changanya nusu kwa nusu na maji safi ya betri, si asidi. Injini ya 1NZ, kama ya IST nyingi, inabeba karibu lita 5. Kulanti ina ladha tamu na ni sumu, hivyo usiimwage mahali watoto au mbwa wanapofika.

Maswali ya wasomaji

*Shikamoo fundi. Wapo wanaotia binzari kwenye rejeta inayovuja. Ni kweli inaziba?*
Marahaba. Inaweza kuziba tundu dogo, ndiyo, na vijia vya rejeta navyo inaviziba vilevile. Ukikwama usiku katikati ya Mikumi na wanyama wanakuchungulia, tia. Ukifika Iringa, suuza mfumo wote na uzibe tundu kihalali.

*Nina kulanti ya kijani, gari lina nyekundu. Naweza kuongezea?*
Usichanganye, dada. Rangi ni ya kiwanda, haikuambii kilichomo, na nyingine zikikutana zinaganda. Soma aina kwenye chupa. Kama huna uhakika, mwaga yote, suuza, jaza moja.

*Mkuu, fundi kasema hedi imepinda, ninunue injini nzima ya mtumba.*
Kwanza hedi ipimwe kwa rula ya chuma, mbele yako, kwa wale wanaoskimu, yaani wanaosawazisha uso wa hedi kwa mashine. Tunazungumzia sehemu za mia za milimita, jicho halioni. Mara nyingi ikiskimiwa na kupata gasketi mpya inarudi kazini. Injini ya mtumba nayo hujui ilichemshwa mara ngapi huko ilikotoka.

*Passo yangu haina mshale, ina taa ya bluu tu. Na hiyo bluu huwa inachelewa sana kuzimika, safari za Tegeta hadi mjini inaweza kuwaka nusu ya njia. Ni taa mbovu?*
Bluu maana yake injini bado baridi, ikipata moto inazimika. Nyekundu ikiwaka, umeshachelewa, egesha. Lakini kwa joto la Dar bluu haipaswi kufika nusu ya safari hiyo. Fungua pale mpira wa rejeta unapoingilia kwenye injini, uangalie kama kuna themostati. Nadhani utakuta tundu tupu.