Kabla Mvua Haijaanza: Mambo ya Kuzingatia kwa Mwenye Dishi

Mawimbi ya televisheni ya setilaiti hushuka takriban kilomita 36,000 bila kukutana na kizuizi cha maana, kisha taabu yote huyangoja kwenye kilomita chache za mwisho, mle mvua inamonyesha. Madishi mengi ya nyumbani hupokea masafa ya Ku, kati ya gigahetsi 10.7 na 12.75. Urefu wa wimbi hapo ni kama sentimita 2.5, na tone kubwa la mvua lina upana wa milimita kadhaa. Vipimo vimekaribiana, kwa hiyo tone humeza sehemu ya wimbi na kuitawanya nyingine. Madishi makubwa ya masafa ya C hupokea wimbi la sentimita 7.5 hivi, ndiyo maana mvua haiyasumbui sana. Wingu na manyunyu si shida. Cha kuogopa ni mvua ya ghafla yenye matone mazito.

Matangazo ya dijitali hayafifii polepole kama yale ya analojia. Picha hubaki safi mpaka mawimbi yakaribie kikomo, halafu inavunjika vipande, sauti inakatika, skrini inakuwa nyeusi. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Dishi lililofungwa barabara na lile linaloponea chupuchupu hutoa picha ileile siku ya jua. Mvua ikija, moja linahimili na jingine linazima kwa dakika mbili za kwanza, kwa sababu halikuwa na akiba ya mawimbi. Kazi ya maandalizi ni kutafuta hiyo akiba, na hutafutwa siku kavu.

Anza ndani. Fungua menyu ya king'amuzi uangalie nguvu ya mawimbi na ubora wa mawimbi. Wa kuzingatia ni ubora. Nguvu hupima kila kinachofika, kelele ikiwemo, hivyo yaweza kusomeka juu hata chaneli zote zikiwa zimepotea. Siku isiyo na wingu, andika ubora wa chaneli tatu zilizo kwenye masafa tofauti, mojawapo iwe ya HD, maana mara nyingi hizo ndizo hukatika kwanza. Bandika karatasi nyuma ya king'amuzi. Miezi ikipita na namba zimeshuka bila mvua, kosa liko kwenye dishi au waya.

Kisha dishi lenyewe. La sentimita 80 likikosa shabaha kwa digrii 1, hupoteza karibu nusu ya nguvu ya mawimbi. Digrii hiyo ni ndogo mno: ukingo wa juu umeegemea mbele au nyuma kwa sentimita moja na nusu tu kuliko wa chini. Shika ukingo kwa mikono miwili, usukume taratibu. Likicheza, kaza nati huku mtu mwingine akisoma ubora ndani, kwa sababu kukaza kwenyewe huweza kulihamisha. Angalia pia matawi yaliyorefuka mbele yake. Majani yaliyolowa huzuia mawimbi kuliko makavu. Ukiwa na nafasi ya kubadilisha, kutoka sentimita 60 hadi 90 eneo la kupokea huongezeka mara 2.25, na hakuna kifaa cha kuchomeka kinachoweza kukupa akiba ya namna hiyo.

Sehemu inayoharibu mambo kuliko zote ni ndogo kama ncha ya kidole: koneta inayounganisha waya na LNB, kile kifaa kilicho mbele ya dishi kinachopokea mawimbi. Ifungue uitazame kwa karibu. Shaba ya katikati inatakiwa ing'ae na ichomoze milimita 2 au 3 kupita mdomo wa koneta. Ikiwa imegeuka kijani au nyeusi, maji yameingia, na kuifuta hakusaidii. Kata waya nyuma hadi ukute shaba safi, kisha funga koneta mpya. Hakikisha hakuna unyuzi hata mmoja wa ule wavu wa nje unaogusa shaba ya katikati, kwani hapo umeme unaoiwasha LNB unakatika. Zungushia utepe wa mpira usiopitisha maji, ukianzia chini kwenda juu, na uache waya uning'inie kitanzi chini ya koneta ili maji yadondokee hapo badala ya kufuata waya hadi ndani. Kagua pia kifuniko cha plastiki cha mdomo wa LNB. Ufa mwembamba tu unatosha kuingiza maji.

Radi inastahili uzito wake. Chomoa plagi ya umeme na waya wa dishi pia, kabla ngurumo haijakaribia. Kuzima kwa rimoti hakukingi chochote. Nguzo ya dishi iunganishwe na ardhi na fundi umeme. Na mvua ikinyesha, hakuna chaneli inayostahili mtu kupanda paa.

Huduma ya pili, ya kutumia dishi likizima, uichague kwa kuangalia udhaifu wake, ili isianguke kwa sababu zilezile. Antena ya kawaida hupokea wimbi la karibu nusu mita, kwa hiyo mvua haiigusi, ila upepo huigeuza. Nyaya za nyuzi za kioo hazijali mvua hata kidogo. Huangushwa na mti, nguzo au umeme kukatika. Simu nayo yaweza kuzorota: minara mingi huwasiliana kwa mawimbi yenye urefu mdogo, yanayodhurika na mvua, na betri zake zina mwisho. Intaneti ya setilaiti haikuokoi sana, kwani hupita kwenye mvua ileile. Kwa taarifa za dhoruba, redio ya betri yenye FM ndiyo ya kuweka karibu.

Picha ikikatika mvua ikiwa imepamba moto, mara nyingi hurudi ndani ya dakika chache hadi nusu saa. Usianze kutafuta chaneli upya, maana king'amuzi kinaweza kufuta orodha yote bila kupata nyingine. Kama kwako ni jua na chaneli kadhaa zimepotea kwa pamoja, huenda mvua iko kwenye kituo kinachozirusha kwenda angani, na hapo dishi lako halina kosa. Mvua ikiisha na ubora haujarudi kwenye namba za karatasini, angalia koneta kwanza, kisha LNB. Bolti za dishi ziguswe mwisho.