Somo: BIOS au UEFI? Iulize diski kabla hujaunda mashine pepe

Ndugu zangu, leo tushike jambo linalowala mafundi wengi siku nzima. Mashine pepe, yaani kompyuta inayoigizwa na programu ndani ya kompyuta nyingine, imeundwa vizuri, diski ipo, RAM inatosha, lakini haiwaki. Mara nyingi diski haina kosa. Kosa liko kwenye fimwea, ile programu ndogo inayoamka kabla ya mfumo endeshi na kwenda kuutafuta ulipo. Fimwea ziko aina mbili: BIOS ya zamani na UEFI ya kisasa.

Yalinikuta. Mwenye duka mmoja aliniletea diski ya kompyuta kuukuu yenye hesabu zake zote. Niliinakili, nikaiwasha ndani ya QEMU, programu ya kuendesha mashine pepe, kwa UEFI kwa sababu ndiyo ya kisasa. Skrini ikaishia kwenye sehemu ya kuandikia amri za UEFI, `Shell>`. Nilikesha nikiamini diski imekufa, na asubuhi nilikuwa najipanga kumpa mzee wa watu habari mbaya. Kumbe diski ilikuwa nzima, ila ilipangwa kwa ajili ya BIOS. Tangu siku hiyo sichagui fimwea kwa upya wake.

Hatua ya 1: Zijue zote mbili

QEMU ya x86 (kompyuta za kawaida za Intel na AMD) usipoiambia kitu hutumia SeaBIOS, ambayo ni BIOS. Hii inafuata desturi ya BIOS iliyokuja na kompyuta ya IBM mwaka 1981: inasoma sekta ya kwanza ya diski na kuendesha kinachokutwa humo. UEFI unaipata kupitia OVMF, inayotokana na mradi wa EDK II. Yenyewe inatafuta patisheni (kipande cha diski) ya EFI, kisha faili iliyomo ndani yake. Isipokuwa na kumbukumbu yoyote ya awali, itajaribu `\EFI\BOOT\BOOTX64.EFI`.

Hatua ya 2: Iulize diski

Hapa ndipo pa kutuliza akili. Kwa diski ya qcow2 (faili inayobeba diski ya mashine pepe) iliyokwisha kuwa na mfumo, ifungue kwa kusoma tu, na mashine yake iwe imezimwa:

```
sudo modprobe nbd max_part=8
sudo qemu-nbd -r -c /dev/nbd0 duka.qcow2
sudo fdisk -l /dev/nbd0
sudo qemu-nbd -d /dev/nbd0
```

Mstari wa `Disklabel type` unaonyesha mtindo wa kupanga patisheni: `dos` ni MBR ya zamani, `gpt` ni GPT ya kisasa. Ukiona `Disklabel type: dos`, karibu kila mara jibu ni SeaBIOS. Ukiona `gpt` pamoja na patisheni ya `EFI System`, tumia OVMF. Usikimbilie kuamua kwa neno `gpt` peke yake, kwani Linux inaweza kuwaka kwa BIOS juu ya GPT ikiwa ina patisheni ndogo ya `BIOS boot`.

Kama mfumo bado unawaka kwenye kompyuta yake, kazi ni rahisi zaidi. Kwenye Linux angalia kama folda `/sys/firmware/efi` ipo. Kwenye Windows endesha `msinfo32` usome mstari wa BIOS Mode.

Diski ikiwa tupu, uamuzi ni wako. Mifumo ya sasa ipe UEFI. Windows XP au FreeDOS, waachie SeaBIOS.

Hatua ya 3: Washa kwa OVMF

Kwenye Debian na Ubuntu sakinisha kifurushi cha `ovmf`. Utapata faili mbili zinazokwenda pamoja: CODE ni programu yenyewe, VARS ni daftari lake la mipangilio. Kila mashine iwe na nakala yake ya VARS:

```
cp /usr/share/OVMF/OVMF_VARS_4M.fd duka_VARS.fd

qemu-system-x86_64 -machine q35,accel=kvm -m 4G \
 -drive if=pflash,unit=0,format=raw,readonly=on,file=/usr/share/OVMF/OVMF_CODE_4M.fd \
 -drive if=pflash,unit=1,format=raw,file=duka_VARS.fd \
 -drive file=duka.qcow2,format=qcow2
```

CODE ya 4M iende na VARS ya 4M. Ukichanganya saizi, mashine haitawaka. Na unapohamisha mashine kwenda seva nyingine, beba VARS pamoja na diski. Wengi huisahau.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimefuata hatua zote lakini Windows 11 inasema kompyuta haikidhi vigezo.

Jibu: Marahaba. Windows 11 haitosheki na UEFI tu, inataka pia uwezo wa Secure Boot (ulinzi unaokagua saini ya programu za kuwashia) na TPM 2.0 (chipu ya kutunza funguo za usalama). Tumia faili za `OVMF_CODE_4M.ms.fd` na `OVMF_VARS_4M.ms.fd`, uongeze `smm=on` baada ya `q35` kwenye `-machine`. TPM ya kuigiza inatoka kwenye programu ya `swtpm`. Kama amri ndefu zinakuchosha, virt-manager, programu ya madirisha ya kusimamia mashine pepe, inakuwezesha kuchagua fimwea na kuongeza TPM kwenye ukurasa wa mipangilio, ila ufanye hivyo kabla ya kuanza usakinishaji.

Swali: Kaka, mimi niliweka Windows 10 kwa BIOS. Lazima nianze upya ili nihamie UEFI?

Jibu: Si lazima. Tangu toleo la 1703 kuna `mbr2gpt`, inayogeuza diski ya MBR kuwa GPT. Nakili diski kwanza, tafadhali sana. Kisha, ndani ya Windows:

```
mbr2gpt /validate /allowFullOS
mbr2gpt /convert /allowFullOS
```

Ukaguzi ukikataa, hesabu patisheni. Zikizidi tatu za msingi, haikubali. Ikipita, zima mashine kisha uiwashe kwa OVMF.

Swali: Situmii QEMU. Hyper-V na VirtualBox je?

Jibu: Kwenye VirtualBox ni alama ya tiki ya EFI kwenye mipangilio ya mfumo. Hyper-V inaita Generation 1 kwa BIOS na Generation 2 kwa UEFI, na ukishaunda mashine huwezi kubadili.

Swali: OVMF imenitupa kwenye `Shell>` ingawa patisheni ya EFI naiona. Nifanyeje?

Jibu: Huenda VARS ni mpya na haijui faili ya mfumo wako iko wapi. Andika `FS0:` ubonyeze Enter, kisha `ls EFI`. Ukikuta folda ya `ubuntu`, andika `EFI\ubuntu\shimx64.efi`. Mfumo ukiwaka, endesha `sudo grub-install` ndani yake ili njia hiyo iandikwe kwenye VARS.