Mafunzo kwa vitendo kwa mwanafunzi wa biashara, yenye krediti au bila krediti: hatua kwa hatua

Muhula ukikaribia kwisha, wanafunzi wa shahada ya kwanza ya biashara hunijia na swali lile lile: "Nimepata sehemu ya kufanyia mafunzo, sasa nifanyeje yahesabiwe?" Wanamaanisha krediti, vile vipimo vya uzito wa masomo ambavyo mwanafunzi hukusanya hadi ahitimu. Wengine huuliza hivyo wakiwa wameshaanza kazi, na hapo msaada wangu huwa mdogo sana. Nimefanya kazi pande zote mbili: kwenye ofisi nikiwapokea wanafunzi, na chuoni nikipitisha fomu zao. Haya ndiyo ninayomweleza kila anayekaa mbele yangu. Kuandika wasifu na kujiandaa kwa usaili sitagusa, maana hayo yameelezwa kila mahali.

Hatua ya 1: Amua kama unataka krediti

Wengi huanza kwa kutafuta nafasi. Anza na mwongozo wa programu yako. Tazama kama mafunzo ni ya lazima. Kama si ya lazima, tazama yanajaza nafasi gani: somo la kuchagua ndani ya fani yako, au somo huria tu, yaani lolote hata nje ya fani? Kisha tazama kikomo cha krediti unazoruhusiwa kupata kwa njia hii. Kama nafasi zako za masomo huria zimeshajaa, krediti hizo zitaonekana kwenye matokeo yako lakini hazitakusogeza karibu na kuhitimu.

Kumbuka pia kwamba vyuo vingi hutoza ada kwa kila krediti, hata ya wakati wa likizo. Kuna mwanafunzi anayelipa ada ili aende kufanya kazi asiyolipwa, na hakuna aliyemwambia mapema.

Chukua krediti kama programu inaidai, kama unaihitaji ili uhitimu, au kama mwajiri hapokei mwanafunzi asiye na barua ya chuo. Sababu nyingine ni kibali cha kuishi ugenini. Marekani, kwa mfano, mwanafunzi mgeni mwenye viza ya masomo ya F-1 anayetumia CPT (utaratibu wa kufanya mafunzo kazini wakati bado anasoma) lazima kazi yake iwe sehemu ya mtaala, na idhini iandikwe kwenye I-20, fomu ya chuo inayothibitisha hadhi yake ya mwanafunzi, kabla hajaanza. Akitumia CPT ya muda wote kwa miezi 12 au zaidi, anapoteza haki ya OPT, yaani ruhusa ya kufanya kazi ya fani yake ambayo wengi huitumia baada ya kuhitimu, kwa ngazi hiyo ya masomo. Jambo hilo lizungumze na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, usilimalize kwa kumuuliza rafiki.

Nje ya sababu hizo, kama kazi ina malipo na programu yako imejaa, nenda bila krediti na usijute. Kwenye usaili wa kazi utaulizwa ulifanya nini.

Hatua ya 2: Orodha fupi, barua mahususi

Fungua jedwali la Excel: jina la kampuni, mtu wa kumwandikia, tarehe ya mwisho, ulichotuma, jibu. Kampuni chache ulizozisoma vizuri zinatosha. Sipendi mtindo wa kutuma maombi kwa makumi ya kampuni kupitia tovuti za ajira kwa kubofya kitufe, kwa sababu barua ile ile ikienda kila mahali, msomaji wake huitambua kwenye mstari wa kwanza.

Makampuni makubwa ya ukaguzi wa hesabu na benki za uwekezaji hufungua maombi mapema mno, pengine karibu mwaka mzima kabla. Ofisi ndogo huamua karibu na wakati wenyewe, na mimi huwapendekeza hizo wanafunzi wa mwaka wa pili, kwa sababu pale utagusa leja, ankara na wateja wenyewe ndani ya wiki ya kwanza.

Usiandike "naomba nafasi yoyote." Andika unachoweza kufanya: kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki, kusafisha data za mauzo, kuandaa dodoso la wateja.

Hatua ya 3: Karatasi zote kabla ya siku ya kwanza

Hapa ndipo watu hupoteza muhula. Krediti haitolewi kwa kazi iliyokwisha kufanyika. Sababu yake si ukaidi wa ofisi. Krediti hupewa mafunzo yaliyosimamiwa na mhadhiri, na mhadhiri hawezi kusimamia kilichopita. Kwa hiyo usajili wa somo, saini na idhini vitangulie, hata kama mwajiri anakuhimiza uanze Jumatatu. Mwombe akusogezee tarehe. Nimeona waajiri wengi wakikubali, na ni wachache mno wanaokasirika.

Makubaliano huwa ya pande tatu: wewe, chuo na mwajiri. Ufaransa sheria yenyewe inayadai, na inaweka kikomo cha miezi 6 kwa mwaka wa masomo katika sehemu moja, pamoja na malipo ya lazima mafunzo yakizidi miezi 2. Kwingine ni kanuni za chuo tu, ila karatasi zinafanana.

Sehemu inayorudishwa kuliko zote ni maelezo ya kazi. Mwajiri huandika: "Atasaidia shughuli mbalimbali za ofisi." Fomu hiyo hairudi na muhuri. Ninachotaka kuona ni kama hiki: "Kila wiki ataandaa ripoti ya wadeni waliochelewa kulipa, ataioanisha na leja, na kuiwasilisha kwa mhasibu mkuu." Sentensi hiyo inaonyesha kazi, ujuzi unaotumika, na mtu atakayeipokea. Usimsubiri mwajiri aiandike. Yeye ana kazi zake, na hajui chuo chako kinataka nini. Andika rasimu mwenyewe, mtumie airekebishe, na uhakikishe kile kilichobaki kwenye karatasi ndicho anachokusudia kukupa.

Malengo ya kujifunza yawe matatu hadi matano, na kila moja liwe na kitenzi kinachopimika. "Kuelewa masoko" hakipimiki. "Kuchambua mauzo ya robo mwaka na kupendekeza bidhaa mbili za kupunguziwa bei" kinapimika.

Halafu saa. Katika ECTS, mfumo wa Ulaya wa kuhesabu krediti, krediti 1 ni sawa na saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi, na mwaka mzima wa masomo una krediti 60. Kwa hiyo krediti 6 ni saa 150 hadi 180, yaani kama wiki tano kwa saa 35 kila wiki. Nje ya mfumo huo kila chuo hujipangia chake. Uliza swali ambalo wengi hulisahau: je, saa za kuandika ripoti zimo ndani ya hesabu hiyo au ni za juu yake? Ongeza wiki moja ya akiba, kwa sababu kuna sikukuu, mitihani na maradhi.

Msimamizi wako kazini awe na jina na cheo, na uandike wa pili wa kushika nafasi yake akiondoka. Vyuo vingi havikubali asimamiwe mtu na ndugu yake, hata kama biashara ya familia ni kubwa na halali. Kama unataka kutumia kazi uliyonayo tayari, jiandae kuonyesha majukumu mapya. Yale uliyokuwa ukifanya mwaka jana hayatapita.

Malipo nayo yana utata wake. Krediti peke yake haimpi mwajiri ruhusa ya kutokulipa. Marekani, tangu Januari 2018, Wizara ya Kazi hutazama vigezo saba ili kujua nani ananufaika zaidi kati ya mwanafunzi na kampuni ya kibiashara. Kuhusishwa na krediti ni kigezo kimojawapo tu, na hakuna kigezo kinachoamua chenyewe. Uingereza, mwanafunzi wa chuo kikuu ambaye mafunzo yake ni sehemu ya kozi na hayazidi mwaka mmoja hana haki ya kima cha chini cha mshahara, wakati anayekwenda kwa hiari yake na kufanya kazi kama mfanyakazi kwa kawaida anayo. Wanaweza kukaa meza moja wakiwa na haki tofauti. Soma sheria ya mahali utakapofanyia kazi kabla ya kukubali kufanya bure.

La mwisho katika hatua hii, na tafadhali usilipuuze: ripoti yako ya mwisho itahitaji takwimu, na mwajiri pengine atakusainisha ahadi ya kutunza siri. Pata ruhusa ya maandishi mapema inayosema unaweza kuandika nini: asilimia badala ya kiasi halisi, kampuni isiyotajwa jina, wateja waliopewa herufi. Mwanafunzi asiye na ruhusa hiyo hufika mwisho akiwa na ripoti nzuri asiyoweza kuikabidhi. Uliza pia nani mwenye bima ukiumia ukiwa kazini.

Hatua ya 4: Kama huna krediti

Hakuna chuo cha kukutetea, basi jitetee kwa barua ya mwajiri yenye tarehe, saa, malipo na jina la msimamizi. Andika malengo yako vile vile.

Hatua ya 5: Daftari la kila siku

Andika siku hiyo hiyo, kabla hujatoka ofisini. Kumbukumbu ya wiki nzima inayoandikwa Ijumaa jioni hutambulika kwa maneno yake mapana. "Nilisaidia idara ya mauzo" haitakufaa wakati wa ripoti. "Niliwapigia wateja 14 ambao hawajaagiza tangu robo iliyopita, 5 walilalamikia kuchelewa kwa mzigo" ni nusu ya aya tayari. Mimi hupendelea jedwali kuliko daftari la karatasi, kwa sababu saa hujijumlisha zenyewe.

Hatua ya 6: Katikati ya safari

Omba kikao kifupi na msimamizi. Kama siku zako zimegeuka kuwa za kutoa nakala na kupokea simu, fungua ile karatasi ya maelezo ya kazi mliyosaini na uulize kwa heshima lini mtaanza yaliyoandikwa. Isipobadilika ndani ya wiki, mjulishe mhadhiri. Usingoje mwisho, kwa sababu siku zikishaisha hana namna ya kukuhamisha.

Hatua ya 7: Kufunga

Mpelekee msimamizi fomu ya tathmini wiki mbili kabla ya kuondoka, na umwombe barua ya mapendekezo angali anakuona kila siku. Vyuo vingi huandika "amefaulu" au "hajafaulu" tu, alama isiyogusa wastani wako. Hakikisha unajua chako kinafanyaje. Matokeo yakitoka, angalia kama somo limeingia na kwa idadi sahihi ya krediti. Kama hujaliona, nenda ofisi ya usajili ukiwa na nakala za makubaliano, tathmini na jedwali la saa. Kama huo ndio muhula wako wa kuhitimu, fanya hivyo kabla orodha ya wahitimu haijafungwa.