Kopo limeandikwa "Organic": ligeuze nyuma kwanza

Neno "Organic" mbele ya kopo la losheni ni la mwenye kiwanda, na mara nyingi anaandika apendavyo. Orodha ya viambato iliyo nyuma ina kanuni zake, ndiyo maana somo hili linaanzia huko.

Tutenganishe maneno mawili kwanza. Kitu cha asili kimetoka kwenye mmea, basi. Kitu cha oganiki kimetoka kwenye mmea uliolimwa kwa kilimo hai, bila mbolea za viwandani wala viuatilifu vya kemikali, na kuna mkaguzi aliyekwenda shambani akathibitisha. Nazi za shambani kwa bibi zinaweza kuwa safi kuliko zote, lakini bila mkaguzi ziite za asili, si tusi.

Hatua ya 1: Soma viambato vitano vya kwanza. Viambato hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kinatangulia. Mimea huandikwa kwa Kilatini: Cocos Nucifera ni nazi, Butyrospermum Parkii ni shea, Aloe Barbadensis ni shubiri. Aqua ni maji. Ukikuta Aqua inafuatwa na Paraffinum Liquidum, Petrolatum au Dimethicone, hiyo ni losheni ya mafuta ya petroli au silikoni. Petrolatum iliyosafishwa vizuri haidhuru, tena inazuia ngozi kukauka. Ubaya ni kuuziwa kwa bei ya shea.

Hatua ya 2: Tafuta mpaka wa asilimia 1. Hapa ndipo wengi wanapigwa. Chukua orodha kama hii:

Aqua, Paraffinum Liquidum, Glycerin, Cetearyl Alcohol, Phenoxyethanol, Parfum, Cocos Nucifera Oil, Aloe Barbadensis Leaf Juice.

Phenoxyethanol ni kihifadhi, na sheria ya Umoja wa Ulaya, ambayo viwanda vingi huifuata, hairuhusu kizidi asilimia 1. Kwa hiyo kila kilichoandikwa baada yake hakizidi hapo. Kwenye chupa ya mililita 400, asilimia 1 ni mililita 4: haijazi kijiko cha chai. Hiyo ndiyo nazi iliyochorwa kubwa mbele ya chupa. Chini ya asilimia 1 kiwanda kinaruhusiwa kupanga kinavyotaka, kwa hiyo usihangaike na nani anamtangulia nani huko mkiani.

Hatua ya 3: Kagua nembo. Jani la kijani peke yake ni pambo. Nembo ya kweli ina jina la mkaguzi, na jina hilo unaweza kulitafuta kwenye tovuti yake uone kama bidhaa imo. COSMOS ORGANIC, nembo ya vipodozi iliyoanzia Ulaya, inadai angalau asilimia 20 ya bidhaa nzima iwe ya kilimo hai, au asilimia 10 kwa vya kusuuza kama shampuu, kwa sababu maji hayahesabiwi kuwa ya kilimo hai. COSMOS NATURAL ni nyingine, haina kiwango hicho. USDA Organic ya Marekani ni asilimia 95, maji na chumvi vikitolewa. Kilimohai ni alama ya Afrika Mashariki inayofuata kiwango cha mwaka 2007, na utaiona zaidi kwenye mazao na vyakula. Alama ya TBS au KEBS inahusu ubora na usalama. Haisemi lolote juu ya shamba.

Tafuta pia kinyota (*) pembeni ya kiambato. Maelezo yake chini ya orodha yaseme kimetoka kilimo hai.

Hatua ya 4: Jaribu. Paka kidogo ndani ya kiwiko, mara mbili kwa siku, siku 7, uone kama inawasha. Mafuta ya karafuu ni ya mmea na bado huwasha.

MASWALI YA WANACHAMA

Mafuta yangu ya nazi yameganda kwenye friji. Ndiyo oganiki?
Hapana, dada. Nazi huganda chini ya nyuzijoto 24 hivi, iwe ya kilimo hai au ya kiwandani. Yakibaki na tabaka la majimaji juu, shuku yamechanganywa na mafuta mengine.

Natengeneza krimu ya shubiri mbichi, mafuta ya nazi na vitamini E. Siku ya 5 inaota ukungu.
Shubiri karibu yote ni maji, na vitamini E huchelewesha mafuta kuchacha tu, haiui ukungu. Ondoa maji: shea gramu 90, nazi gramu 10, yeyusha juu ya maji ya moto, kisha weka friji mara moja. Ikipoa polepole inafanya chengachenga. Chota kwa kijiko kikavu. Ukitaka shubiri lazima, tumia Sodium Benzoate pamoja na Potassium Sorbate, ambavyo COSMOS inavikubali, na upime pH (kipimo cha uasidi) iwe 5 au chini. Ikipanda havifanyi kazi.

Muuzaji anasema hina yake nyeusi ni ya majani matupu.
Hina ya majani matupu ni unga wa kijani wenye kiambato kimoja, Lawsonia Inermis. Huanza rangi ya chungwa, huiva kahawia kwa siku mbili. Ikitoka nyeusi tii ndani ya saa moja, hiyo ni piko: rangi ya nywele, yenye paraphenylenediamine. Inaweza kutoa malengelenge yakaacha makovu, na mwili ukishaikataa, utaikataa tena siku ukipaka rangi ya nywele. Bibi harusi akitaka maua meusi, ajue hayo si ya mmea.

Kuna krimu ya "organic" inayong'arisha kwa wiki moja.
Huo ni mkorogo. Tafuta Hydroquinone, Mercury au Calomel (hizo ni zebaki), Clobetasol au Betamethasone (hizo ni steroidi). Kopo lisilo na orodha lihesabu kama linavyo vyote. Yenye zebaki iache leo. Yenye steroidi, kama umeipaka wiki kadhaa, mwone daktari wa ngozi kabla ya kuikatisha, ukiwa na kopo mkononi, maana ngozi iliyoizoea huwaka na kuvimba ikinyimwa ghafla.