Kushuka Rungwe, Loleza na Kitulo bila kupoteza njia: mwongozo wa hatua kwa hatua

Nimeuandika mwongozo huu baada ya kukaa na kijana anayeanza kazi ya kuongoza wageni Mlima Rungwe. Kupanda anakujua vizuri. Alichotaka ni namna ya kushusha kundi pale ukungu unaposhika na kila upande unafanana. Nimeongeza ya Mlima Loleza na uwanda wa Kitulo kwa sababu watu wa Mbeya huenda huko wikiendi bila mwongozaji.

Kwanza elewa kwa nini shida iko kwenye kushuka. Ukipanda, hata ukikosea kidogo mlima unakurudisha, kwa kuwa migongo yote inaelekea juu. Kushuka ni kinyume. Mlima umekaa kama mwavuli uliofunguliwa: mbavu zote zinakutana kileleni, na ukishaanza kushuka ubavu usio wako, kila hatua inakutenga na ule wa kwako. Nyuzi 10 tu za kukosea mwelekeo zinakuweka karibu mita 175 nje ya njia baada ya kilomita moja. Kwenye msitu wa mianzi, mita 175 ni bonde jingine kabisa.

Hatua ya 1: Aga

Rungwe ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), Kitulo ni hifadhi ya taifa iliyo chini ya TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa). Pita ofisini, lipa, andikisha majina. Mwachie mtu wa mjini mambo mawili: unashukia wapi, na ikifika saa ngapi bila kukusikia aanze kupiga simu. Ya viatu, maji na chakula unayajua.

Hatua ya 2: Tajeni saa ya kugeuka

Isemwe mbele ya wote kabla ya kuondoka. Kwa Rungwe, kundi likianza kijiji cha Isongole alfajiri, mimi naweka saa saba mchana. Kilele kikiwa kinaonekana pale mbele, bado tunageuka. Hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Nyasa hupanda mteremko, ikifika juu inapoa na kuwa ukungu, na mara nyingi mchana ndiyo saa yake. Halafu huku kwetu jua likizama, ndani ya nusu saa huoni mzizi ulio mbele ya kiatu chako, na chini ya miti giza huwahi zaidi.

Hatua ya 3: Ukipanda, geuka utazame nyuma

Njia uliyoipanda utaishuka ukiwa huijui kwa sura, kwa sababu asubuhi uliiona upande mmoja tu. Kila mahali penye mabadiliko (mwisho wa mashamba, mwanzo wa mianzi, mti ulioanguka, mahali pa kuvuka kijito) simamisha kundi, geukeni, mtazame chini. Piga picha ukielekeza simu chini ya mlima, bila watu mbele.

Sasa sikiliza, hapa ndipo wengi wanaponaswa. Vijia vya wakata kuni na vya ng'ombe vinapoungana na njia yako wakati unapanda, huingia kutoka nyuma ya bega. Huvioni. Unapita tu, njia inaendelea mbele yako kana kwamba ni moja. Ukirudi jioni, kijia kilekile kiko mbele ya macho, tena mara nyingi ni kipana kuliko chako kwa kuwa kinakanyagwa kila siku, na miguu iliyochoka hufuata kilicho kipana. Kwa hiyo ukipanda, kila baada ya dakika chache mtu wa mwisho katika msafara ageuke kwa ajili ya kazi hiyo moja: je, nikisimama hapa jioni nitaona njia ngapi? Akiona mbili, aseme kwa sauti, na ifungwe alama.

Alama yangu ni kitambaa chekundu, upana wa vidole viwili, kimefungwa usawa wa macho upande utakaouona ukishuka. Wakati wa kurudi, mtu wa mwisho anavifungua vyote. Sikubali alama za panga kwenye magome. Kwanza unaumiza mti ndani ya hifadhi ambamo kipunji, aina ya kima adimu, wanaishi, na pili msitu umejaa alama za panga za watu wengine. Utafuata za mtu aliyekuwa akitafuta mbao. Kwenye nyasi za Loleza na Kitulo, weka mawe matatu juu ya jiwe pana. Nyasi zikichomwa wakati wa kiangazi, kijia chenyewe kinaweza kupotea kwenye weusi, lakini mawe yanabaki.

Tazama pia soli za wenzako kabla ya kuanza. Kwenye udongo mweusi wa Rungwe zinajichora vizuri, na jioni ukikosa michoro hiyo kwenye tope, swali lako limejibiwa.

Hatua ya 4: Kileleni, dira kabla ya chakula

Ukifika juu, kabla ya kufungua mfuko wa chapati, simama pale pale njia ilipokufikisha, tazama ulikotoka, soma nyuzi kwenye dira na uandike kwa kalamu kwenye kiganja. Rungwe juu kuna kreta (shimo la volkano) na vilima kadhaa. Ukizunguka dakika kumi kupiga picha ndani ya ukungu, huwezi kujua uliingilia wapi. Loleza, soma dira mbali na minara ya mawasiliano na uzio wake, maana chuma huvuta sindano.

Nasema dira ya kawaida, ya kuzungusha kwa mkono. Dira ya kwenye simu hudanganywa na sumaku ya kava na hata pawabanki. Simu iwe na kazi nyingine: kurekodi njia tangu mnapoanza. Programu kama OsmAnd inafanya kazi bila bando ukiwa umeshapakua ramani nyumbani, kwa sababu GPS haihitaji mtandao. Weka simu kwenye hali ya ndege, iweke mfuko wa ndani karibu na mwili, kwani baridi hunyonya chaji.

Usitegemee jua la adhuhuri kukupa upande. Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta: kati ya Machi na Septemba jua la mchana liko kaskazini, kuanzia Novemba hadi Januari liko kusini.

Hatua ya 5: Ukihisi njia siyo

Dalili ziko wazi: mteremko ni mkali kuliko wa asubuhi, unaanza kusukuma majani kwa mikono, hakuna kitambaa, hakuna soli, na watu wameacha kuongea.

Simama hapo. Wote wakae, wanywe maji. Usimtume mtu mmoja "akachungulie mbele", maana utakuwa na makundi mawili yaliyopotea. Uliza swali moja tu: ni wapi mara ya mwisho tulikuwa na uhakika? Kisha rudini huko, hata kama ni kupanda.

Najua ugumu wa maneno hayo. Miguu imechoka, saa inakimbia, na kuna mtu atasema, "Kaka, si tukate tu hapa, mji si ule pale?" Mji unaonekana kweli. Kutoka Loleza, Mbeya iko chini ya miguu yako. Lakini kati yako na zile taa kuna makorongo ambayo huyaoni ukiwa juu. Kupanda dakika ishirini kunakurudishia njia. Kukata mteremko kunakupa tatizo jipya kila baada ya mita hamsini.

Kuna hali zinazobadilisha uamuzi. Ikiwa umerekodi njia kwenye simu, tazama mstari, ila chini ya miti minene alama ya mahali ulipo huruka makumi ya mita. Tulia dakika chache mahali penye uwazi kidogo ndipo uiamini. Ikiwa kurudi kunahitaji kupanda mwamba uliolowa ambao mlishuka kwa kuteleza, usirudi, bakini hapo. Ikiwa imebaki chini ya saa moja ya mwanga, nenda hatua ya 6. Na ikiwa ukungu ni mzito, mmoja abaki na kundi akipuliza firimbi kila baada ya muda mfupi, wawili watafute njia bila kuvuka mahali ambapo firimbi inaanza kufifia.

Kufuata maji ndiyo ushauri ninaoupinga kwa nguvu zote. Wazee husema maji yatakufikisha kwa watu, na bondeni ni kweli. Mlimani, kijito hutafuta mahali pa kuangukia. Unashuka kingo moja iliyolowa, ya pili, kisha unakuta maporomoko mbele na nyuma huwezi kupanda. Humo ndani simu haishiki, GPS haioni anga, na kelele za maji zinameza firimbi. Kaa kwenye mgongo wa mlima.

Kitulo ina hatari yake. Uwanda wa nyasi, juu ya mita 2,600, ukungu ukishuka hakuna hata mti wa kulenga. Mwaka 2009 watafiti wa Taasisi ya Max Planck ya Tübingen, Ujerumani, walionyesha kwamba watu wasioona jua wala mwezi huzunguka na kurudi walikopita huku wakiamini wananyoosha. Bila dira Kitulo, subiri ukungu upungue.

Hatua ya 6: Kulala mlimani

Amueni kukiwa bado na mwanga. Joto hushuka karibu nyuzi 6 kwa kila mita 1,000, na Juni na Julai Kitulo hupata jalidi (umande ulioganda), kwa hiyo hatari ni baridi na kulowa. Tafuteni kinga ya upepo, tandikeni majani makavu mengi chini kuliko juu, mkae mmebanana, nguo kavu zikae mwilini. Firimbi mara sita ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia. Simu: 114 ni Zimamoto na Uokoaji, 112 ni polisi. Simu ikikataa, tuma meseji. Mara nyingine hupita.

Hatua ya 7: Ukitokea kijiji kisicho chako

Rungwe ni mlima mpana, unaweza kutokea mbali kabisa na Isongole. Mtafute mwenyekiti wa kijiji au kitongoji, jieleze, kisha kabla ya kutafuta bodaboda mpigie yule uliyemuaga, na ofisi ya hifadhi pia, ili watu wasiingie msituni usiku kuwatafuta ninyi mliokwisha kutoka.