Kubadilisha Kozi au Chuo Kikuu Baada ya Kutuma Maombi KUCCPS

Kabla hujaingia kwenye tovuti ya KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi nafasi za vyuo nchini Kenya, jua kwanza uko hatua gani. Huenda maombi bado yako wazi, au yamefungwa nawe umekosa nafasi, au umeshapangiwa chuo usichokitaka, au tayari umesajiliwa na unahudhuria masomo. Kila hatua ina utaratibu wake na ofisi yake. Wengi wanaopoteza nafasi Nairobi hawapungukiwi na alama, ila hubisha hodi kwenye ofisi isiyohusika mpaka muda unawapita.

Maombi yakiwa bado wazi

Hapa kazi ni nyepesi. Ingia kwenye akaunti yako kwa nambari ya mtihani wa KCSE (tarakimu zote 11, bila mkwaju wala nafasi), mwaka uliofanya mtihani na neno la siri. Kwa anayeingia mara ya kwanza, neno hilo huwa ni nambari ya cheti cha kuzaliwa au ya mtihani wa KCPE. Libadilishe siku hiyo hiyo. Ukitumia saiba, usimwachie mhudumu neno lako, na toka kwenye akaunti kabla ya kuinuka kitini. Aliye na neno hilo anaweza kubadilisha chaguo zako usiku wa mwisho, na mfumo utahesabu kwamba ni wewe uliyefanya hivyo.

Futa chaguo la zamani, weka jipya, kisha wasilisha. Kuna wanaochagua, wakalipa, wakafunga ukurasa bila kuwasilisha. Usiondoke hadi uone orodha mpya imehifadhiwa, nawe uwe umeichapisha au umepiga picha ya skrini.

Angalia sana nambari ya kozi. Ina tarakimu 7, na kila chuo kina yake hata kama jina la kozi ni lile lile. Ukikosea tarakimu moja, utajikuta umeomba kozi uliyoitaka katika mji usioufikiria.

Umekosa nafasi

Baada ya mgao wa kwanza, KUCCPS hufungua awamu ya marekebisho kwa waliokosa chaguo zao zote. Kozi zilizojaa huwa zimeondolewa, kwa hiyo chagua kati ya zilizobaki na wazi. Usirudie kosa la kujaza kozi za juu tu. Weka moja unayoitamani, nyingine ambazo pointi zako zinazitosha, na angalau moja ambayo una uhakika nayo.

Umepangiwa chuo, lakini unataka kingine

Hapa ndipo penye mkanganyiko mwingi. Aliyekwisha kupangiwa harudi kwenye marekebisho. Anasubiri awamu ya uhamisho kati ya vyuo, ambayo hufunguliwa baada ya matokeo ya mgao na hudumu muda mfupi. Tarehe hutangazwa na KUCCPS, kwa hiyo fuatilia tovuti na kurasa zao rasmi, si uvumi wa makundi ya WhatsApp.

Kabla ya kulipa chochote, hakikisha mambo matatu.

La kwanza ni masomo. Alama ya jumla ya C+ hukufungulia shahada, lakini kila kozi ina masharti yake ya somo kwa somo. Sheria, kwa mfano, inadai angalau B katika Kiingereza au Kiswahili. Mwenye B- katika lugha zote mbili hapiti, hata pointi zake ziwe juu kiasi gani. Hakuna barua ya mzazi wala ya mwalimu mkuu inayobadilisha hilo.

La pili ni pointi za klasta. Hukokotolewa kwa masomo manne yanayohusiana na kozi pamoja na matokeo yako kwa jumla, na kilele chake ni 48. Tumia zile zilizoandikwa kwenye akaunti yako, si za vikokotozi vya mtandaoni. Kisha zilinganishe na pointi za mwanafunzi wa mwisho aliyechukuliwa katika kozi hiyo, chuo hicho, mwaka wako. Za mwaka uliopita hukupa picha tu. Kozi moja inaweza kukukataa Chuo Kikuu cha Nairobi na kukupokea Maseno au Moi.

La tatu ni idhini. Kwa uhandisi, thibitisha kwa Bodi ya Wahandisi (EBK) kwamba programu ya chuo unachokwenda imeidhinishwa. Kwa sheria, uliza Baraza la Elimu ya Sheria. Kuhama kwa sababu ya jina la chuo, kisha uhitimu bila kuweza kusajiliwa kufanya kazi hiyo, ni hasara isiyolipika.

Ukiridhika, ingia kwenye akaunti, fungua sehemu ya uhamisho, weka nambari ya kozi mpya, lipa ada kupitia eCitizen, kisha wasilisha. Ada hiyo imekuwa shilingi 1,000. Malipo yakichelewa kuonekana, usilipe tena papo hapo: hifadhi ujumbe wa M-Pesa na usubiri. Chuo unachokiomba ndicho kinachotazama kama kina nafasi na kama umefikisha kiwango, ndipo KUCCPS huidhinisha. Mtu anayekuahidi kukupitisha kwa malipo ya pembeni hana uwezo huo. Ukikwama kabisa, ofisi za KUCCPS ziko ACK Garden House, 1st Ngong Avenue, upande wa Community. Nenda na kitambulisho, hati ya matokeo na risiti.

Wakati unasubiri, usilipe karo katika chuo cha kwanza. Kurudishiwa fedha hizo huchukua muda mrefu na barua nyingi. Ombi likikataliwa, nafasi yako ya awali hubaki, kwa hiyo usiipuuze barua yake ya kujiunga wala tarehe ya kuripoti.

Neno kwa wazazi wanaotaka mtoto ahamishiwe Nairobi ili awe karibu: fanyeni hesabu ya nauli na kodi kwanza. Anayekaa Kitengela na kusoma Juja hupita katikati ya jiji kila asubuhi na kila jioni, na mara nyingi huishia kupanga chumba karibu na chuo. Kama kozi ya Eldoret au Njoro ndiyo aliyoitaka, mwacheni aende.

Umesajiliwa, unataka kozi nyingine hapo hapo

Hili halipiti KUCCPS. Ni uhamisho wa ndani, na kwa kawaida hufanyika katika wiki za mwanzo za muhula wa kwanza. Pata fomu kwa msajili wa masomo au kwenye akaunti yako ya mwanafunzi, kwa sababu vyuo vingine vimeuhamishia mtandaoni. Kitivo unachotoka kinakubali kukuachilia na unachokwenda kinakubali kukupokea, tena kwa kutazama pointi zile zile. Endelea kuhudhuria masomo ya kozi ya zamani mpaka jibu litoke kwa maandishi.

Mkopo na ufadhili

Karo hufuata kozi, na fedha za HELB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu) hupelekwa kwenye chuo kilicho katika rekodi zako. Uhamisho ukiidhinishwa, pakua barua mpya ya kujiunga, kisha hakikisha akaunti yako ya ufadhili inaonyesha chuo na kozi mpya. Isipobadilika, peleka barua zote mbili HELB, Anniversary Towers, University Way, kabla fedha za muhula hazijatumwa. Zikishafika chuo cha zamani, chuo kipya kitaendelea kukudai karo wakati wao wanaandikiana, na mwenye deni huweza kuzuiwa kufanya mtihani.