Namna ya Kuandaa Mada kuhusu Shule ya Sheria ya Litchfield

Mwanafunzi wa sheria hapa Bukavu anayeandaa mada kuhusu shule hii ya Connecticut, Marekani, aanze na mwaka 1774, mwanasheria Tapping Reeve, mwanzilishi wake, alipoanza kumfundisha sheria shemeji yake Aaron Burr nyumbani. Jengo dogo la darasa lilifuata mwaka 1784. Kisha akae zaidi kwenye madaftari, maana ndiyo kiini: wanafunzi waliandika mihadhara, wakainakili upya kwa mwandiko safi na kuijalidi, wakarudi makwao na kitabu cha kufanyia kazi ya uwakili. James Gould alijiunga kama mwalimu mwaka 1798. Shule ikafungwa 1833. Kati ya waliopitia hapo, Burr na John C. Calhoun, wote makamu wa rais, watajwe kwa ufupi, ili Horace Mann, mtetezi wa shule za umma, asifunikwe na wanasiasa.